Greve, mji wa gulio katika vilima vya mvinyo

Wengi wanaokwenda Chianti, nchi ya vilima na mizabibu iliyo kati ya miji ya Florence na Siena huko Italia, hufuata ngome. Zipo tele, karibu kila kilima kina yake, na baadhi zimegeuzwa hoteli ambazo ukilipia usiku mmoja unajuta mwezi mzima. Ushauri wangu ni kushuka bondeni. Mji wa Greve umekaa chini, kando ya mto wenye jina hilohilo, kilomita kama 30 kusini mwa Florence, na uzuri wake umetokana na biashara: wenye ngome na wakulima wao walihitaji mahali pa kushuka kuuza na kununua.

Tazama uwanja wake. Ni pembetatu, mpana upande mmoja, ukizidi kuchongoka upande wa pili hadi mbele ya kanisa la Santa Croce. Hakuna fundi aliyeuchora hivyo kwa rula. Njia za milimani zilikutana hapa, wachuuzi wakatandaza bidhaa, nyumba zikajengwa kuwazunguka. Chini ya nyumba hizo kuna baraza ndefu zenye matao, moja pana, jingine jembamba, kwa kuwa kila mwenye duka alijenga kwa kadiri ya mfuko wake. Mvua ikinyesha unapita duka hadi duka bila kulowa. Uwanja unaitwa Matteotti, kwa kumbukumbu ya mbunge msoshalisti aliyetekwa na kuuawa na Wafashisti mwaka 1924.

Siku ya gulio ni Jumamosi. Asubuhi magari ya wachuuzi huingia, ubavu mmoja unafunguliwa, turubai linavutwa, na gari limekuwa duka. Soksi, sufuria, mapazia, jibini, matunda. Watalii wapo, lakini wenyeji hawajawapisha: akina mama wenye vikapu vya magurudumu wanazibonyeza pichi kwa kidole gumba na kuzirudisha kwa uso wa kutoridhika. Foleni ndefu iko kwenye gari la porchetta, yaani nguruwe mzima aliyetolewa mifupa, akajazwa vitunguu saumu, rozmari, chumvi na pilipili manga, akaviringishwa na kuokwa polepole mpaka ngozi ikauke kau. Muuzaji haulizi gramu. Anaweka kisu juu ya nyama na kukutazama. Unaashiria kwa kidole: nene kidogo, hapana, nyembamba. Kisha swali moja tu, kama unataka na ngozi. Anayekataa ngozi hutazamwa kwa huruma.

Asiyegusa nguruwe hana haja ya kukata tamaa. Jibini ya maziwa ya kondoo ipo ya kila umri, kuanzia nyeupe laini mpaka ile ngumu inayowasha ulimi, na mafuta ya zeituni mapya, yanayokamuliwa kuanzia Oktoba na Novemba, ni ya kijani na yana ukali unaokwaruza koo. Yamwage juu ya mkate. Mkate wenyewe ni kisa kingine, maana Toscana, mkoa wenye vilima hivi, hawautii chumvi. Ukiuonja mtupu utadhani mwokaji kapitiwa. Ule na soseji yenye mbegu za shamari, au na hayo mafuta, utaelewa kwamba chumvi waliiacha kwa vitu vingine vilivyomo mezani. Bucha maarufu ya uwanjani, yenye nguruwe mwitu aliyekaushwa na kusimamishwa mlangoni, inajinadi kwa ukongwe wake. Mapaja ya nguruwe yananing'inia darini kwa wingi hivi kwamba mtu mrefu hana budi kuinama.

Mvinyo wenyewe unatoka juu. Udongo wa vilima hivi si wa kujivunia kwa mkulima wa mahindi: kuna galestro, mwamba wa udongo mkavu unaomeguka mkononi, na alberese, jiwe gumu la chokaa. Mzabibu wa Sangiovese ndio unaostahimili, na unavunwa mara moja tu kwa mwaka, kati ya Septemba na Oktoba. Mkulima wa Dodoma, anayeweza kuvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, angewahurumia wenzake wa Chianti. Huku mvua ya mawe ya dakika kumi mwezi Agosti inaweza kuondoka na kazi ya mwaka.

Na kwa karne nyingi aliyefanya kazi hiyo hakuwa mwenye shamba. Mfumo uliitwa mezzadria. Familia ilikaa katika nyumba ya mawe ya tajiri, ikalima mizabibu iliyoparamia miti, ngano ikipandwa katikati ya mistari na mizeituni pembeni, na nusu ya kila kilichovunwa ikaenda kwa mwenye ardhi. Miaka ya 1950 na 1960 watu walichoka, wakahamia viwandani. Mwaka 1964 sheria ilipiga marufuku mikataba mipya ya aina hiyo. Nyumba zilibaki magofu mpaka Waingereza na Wajerumani walipoanza kuzinunua. Kwa hiyo ile nyumba ya mawe inayopendeza kwenye kalenda, yenye miberoshi miwili mlangoni, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni nyumba iliyokimbiwa na mtu aliyechoshwa na kugawa nusu.

Anayenunua chupa ya mvinyo atafute nembo ya jogoo mweusi shingoni mwa chupa. Hadithi yake wanaipenda wote. Florence na Siena, mahasimu wa siku nyingi, walikubaliana kugawana Chianti kwa mbio: jogoo wa kila mji akiwika, mpanda farasi wake aondoke, na watakapokutana ndio mpaka. Siena walimchagua jogoo mweupe, wakamlisha akashiba. Florence walichukua mweusi, wakamnyima chakula, naye kwa njaa akawika usiku wa manane. Mpanda farasi wa Florence alikuwa amebakiza kilomita 12 tu kufika Siena alipokutana na mwenzake. Historia iliyoandikwa ni kavu zaidi: mwaka 1716 mtawala wa Toscana, Cosimo III wa ukoo wa Medici, alitoa amri ya kutaja mipaka ya Chianti, na Greve ikatajwa. Mwaka 1924 wazalishaji 33 walikutana katika mji mdogo wa Radda kuunda chama cha kulilinda jina. Hata hivyo, mwaka 1932 serikali iliruhusu vilima vingine vya mbali kulitumia. Ndiyo maana chupa ya hapa huandikwa Chianti Classico, na ndani yake Sangiovese haipungui asilimia 80.

Katikati ya uwanja amesimama kwa shaba Giovanni da Verrazzano, ambaye wenyeji wanasema alizaliwa katika ngome ya Verrazzano, juu kidogo ya mji. Nani angetegemea baharia kutoka huku? Mwaka 1524, miaka 26 baada ya Vasco da Gama kutia nanga Malindi, aliingia ghuba ya New York kwa niaba ya mfalme wa Ufaransa. Wamarekani walimpa daraja kubwa mwaka 1964, wakalikosea jina kwa kuweka z moja, na wakarekebisha mwaka 2018.

Mwaka 1999 meya wa Greve, Paolo Saturnini, aliungana na wenzake wa Orvieto, Bra na Positano kuanzisha Cittaslow, umoja wa miji midogo isiyotaka kukimbizwa, wenye nembo ya konokono. Umeenea nchi nyingi. Nina shaka na miji inayojipa vyeti, lakini hapa nakubali kwamba mtu anaweza kumaliza asubuhi nzima akinunua vitunguu.

Mchana panda Montefioralle, kijiji cha mawe kilichojikunja juu ya kilima, mwendo wa nusu saa wa kukata pumzi. Huko utaonyeshwa nyumba inayosemekana ilikuwa ya ukoo wa baharia mwingine, Amerigo Vespucci. Ukishuka, ingia ghala la zamani mjini wanamouzia mvinyo kwa kadi: unalipia mapema, unaichomeka kwenye mashine, na kila bomba linakupa mafunda mawili matatu tu.

Treni haifiki Greve. Basi la kutoka Florence huchukua kama saa moja, nusu yake kona tupu, kwa hiyo wenye kichefuchefu wakae mbele. Fika mapema, maana kufikia saa saba mchana wachuuzi wanakunja turubai. Mwenye kulala aendelee kesho yake hadi Panzano, kilomita chache kusini, ambako gulio ni Jumapili; ila siku hiyo mabasi ni haba, heri ukatafuta gari.