Arusha, Mji wa Wakalimani

Labda nyumbani mwako yumo mwanafunzi asemaye, "Nikimaliza masomo nataka kazi ya kunipeleka nchi za mbali." Usimcheke. Ukipata nafasi, mpeleke kwanza Arusha akaone.

Mjini pale lipo jumba kubwa la mikutano, lililofunguliwa mwaka 1978, lenye sehemu 3 ziitwazo Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Humo ilikaa mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyosikiliza kesi za mauaji ya Rwanda, hata ikafungwa mwaka 2015. Mashahidi wengi walisema Kinyarwanda. Mahakimu na mawakili wakasikia Kifaransa au Kiingereza. Nani aliyewaunganisha? Wakalimani, walioketi katika vyumba vya vioo wakifasiri papo hapo. Neno moja likikosewa, mtu aweza kuonewa.

Siku hizi Arusha ni makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye nchi 8, na ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tena mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikikubali Kiswahili kiwe lugha ya kazi zake.

Basi, mzazi, usiuze shamba kumlipa mtu akuahidiye kazi ya ng'ambo upesi upesi. Mnunulie mtoto kamusi. Ajifunze Kiingereza na Kifaransa kwa bidii, wala asikidharau Kiswahili. Maana mkalimani hufasiri kutoka lugha moja kwenda nyingine, naye yampasa kuzijua zote mbili barabara.