Stesheni ya Settle

Settle ni mji mdogo wa soko katika Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, penye vilima vya mawe ya chokaa na mto uitwao Ribble. Stesheni yake ilifunguliwa kwa abiria mwaka 1876, nayo ni mlango wa kusini wa reli iendayo Carlisle, mwendo wa maili zipatazo 72.

Reli hii ilikanwa na wenyewe kabla haijazaliwa. Kampuni ya Midland iliiombea ruhusa kwa sababu ya ugomvi, maana abiria wake waliokwenda Scotland walilazimika kupita katika njia ya kampuni shindani, na huko hawakupata hisani yoyote. Bunge liliridhia mwaka 1866. Muda si mrefu magomvi yakatulia, na Midland ikataka kuuacha mradi, Bunge likakataa. Basi kampuni ikajenga kwa lazima kitu ilichokuwa imekwisha kukijutia. Gharama yake haikuwa ya fedha peke yake. Penye daraja la Ribblehead, lenye matao 24, vibarua waliishi na wake na watoto wao katika vibanda vya mbao juu ya nyika ya matope. Ajali na ndui viliwaua wengi, hata uwanja wa makaburi wa Chapel-le-Dale ukabidi kupanuliwa.

Jengo la stesheni ni la mawe, lina mapaa ya ncha kali na mbao zilizonakshiwa, nalo lingali likitumika. Karibu na hapo gari la moshi lilianza kupanda mlima maili kumi na tano na zaidi, na wachochea makaa waliokuwa wakitoka jasho mbele ya tanuru waliuita mpando huo Mvuto Mrefu. Msafiri aliyekaa kitako kwenye behewa aliuona uzuri wa nchi. Mchochezi aliona moto tu.

Mwaka 1963 ripoti ya serikali ilipendekeza abiria waondolewe katika njia hii. Pendekezo halikutimizwa, lakini mwaka 1970 stesheni zote ndogo zilifungwa, zikabaki Settle na Appleby. Kisha mwaka 1983 likatangazwa kusudi la kuifunga reli nzima, na hoja kubwa ikawa ubovu wa daraja la Ribblehead. Ofisa mmoja, Ron Cotton, alipewa kazi ya kusimamia ufungaji huo. Naye akapunguza nauli, akaongeza safari, na mwaka 1986 stesheni nane zikafunguliwa tena. Abiria wakajaa. Ni nadra mchimba kaburi kumpa mgonjwa uji.

Watu zaidi ya 22,000 waliandika kupinga. Miongoni mwa pingamizi hizo palikuwa na alama ya wayo wa mbwa aitwaye Ruswarp, mali ya Graham Nuttall, mmoja wa waliokuwa mstari wa mbele kuitetea reli. Wakubwa waliipokea alama hiyo, kwani sheria ilimsikiliza abiria, na mbwa huyo alikuwa akikatiwa tikiti. Jambo hili lachekesha, lakini lina haki ndani yake: aliyelipa nauli ana neno la kusema. Tarehe 11 Aprili 1989 serikali ilikataa reli isifungwe.

Nuttall hakuifaidi furaha hiyo muda mrefu. Januari 1990 alikwenda kutembea katika vilima vya Wales pamoja na mbwa wake, asirudi. Maiti yake ilionekana mwezi wa Aprili, na Ruswarp alikuwa kando yake, hai, baada ya majuma kumi na moja ya baridi. Aliishi hadi maziko ya bwana wake, kisha naye akafa. Sanamu yake imesimama stesheni ya Garsdale tangu mwaka 2009.

Settle, treni za mafuta za Leeds na Carlisle husimama kila siku. Daraja la miguu la kuvukia reli lililetwa kutoka Drem, Scotland, na kibanda cha ishara, kilichofungwa mwaka 1984, kilihamishwa hatua chache na kutengenezwa upya na watu wa kujitolea. Mgeni akikikuta wazi huruhusiwa kuivuta mikono yake ya chuma. Ni mizito, na hapana treni inayoingoja.