Wacheni Kutucheka Sisi wa Audacity

Kila nikitaja kwenye vidio kwamba nahariri sauti kwa Audacity, hawakosi wawili watatu wa kunicheka. "Bado uko na hiyo kitu ya bure?" "Mzee, tafuta programu ya maana." Sawa. Leo tuongee kuhusu hiyo kitu ya bure, kwa sababu nashuku wengi mnaoicheka mliifungua mara ya mwisho kabla ya 2021.

Historia kidogo kwanza. Audacity ilianzishwa na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg pale Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, na ikatolewa kwa umma mwaka 2000. Kiumri imenizidi. Kazi ilifanya tangu zamani: unarekodi, unakata, unaunganisha, na haikuulizi pesa. Shida ilikuwa sura yake. Ukitaka kusogeza kipande cha sauti, ilibidi kwanza uchukue zana ya kusogeza, ile ya mshale wa pande mbili. Unasogeza, halafu unarudi kwa zana ya kuchagua ndio ukate. Ukikata, unarudi tena kwa mshale. Podikasti ya nusu saa inakumalizia siku nzima, na nusu ya hiyo siku umeitumia kubadilisha zana.

Halafu kulikuwa na mambo ya faili. Ukihifadhi kazi ulipata faili moja ndogo, na kando yake folda iliyojaa vipande vya sauti. Ukimtumia mwenzako ile faili peke yake, anafungua anakuta kimya. Toleo la 3.0, lililotoka Machi 2021, liliweka kila kitu ndani ya faili moja. Kwa mtu mwenye kompyuta yake mwenyewe hiyo ni habari ndogo. Kwa mtu anayeanzia kazi saiba na kuimalizia kwa laptopu ya rafiki, akibeba kila kitu kwa flashi, hiyo ni habari kubwa sana.

Mwaka huo huo Muse Group wakainunua Audacity, na kazi ya kuisimamia ikapewa Martin Keary, ambaye YouTube wanamjua kama Tantacrul. Hapa ndipo napapenda. Huyu jamaa ni mtunzi wa muziki na mbunifu, na alijulikana kwa vidio ndefu za kukosoa violesura vya programu za muziki, yaani vile vibonyezo na menyu unazoziona ukifungua programu. Aliikosoa MuseScore, na wenyewe badala ya kununa wakamwajiri. Kwa hivyo ukiambiwa kontenti haina faida, unaweza kumtaja huyo.

Oktoba 2021 likaja toleo la 3.1. Ile zana ya kusogeza wakaiondoa kabisa. Sasa kila klipu ina ukanda juu yake. Unaushika, unasogeza, basi. Cha pili ndicho kikubwa zaidi. Ukishika ukingo wa klipu na kuuvuta ndani, sauti haifutwi, inafichwa tu. Unaweza kuhifadhi kazi, ukazima mashine, ukarudi baada ya mwezi, ukavuta ule ukingo nje na sauti ikarudi vile ilivyokuwa. Zamani ukishafunga programu, nafasi ya kutendua ilikuwa imeisha.

Nitawapa mfano wa nyumbani. Mwaka jana nilimrekodi shosho akisimulia kuhusu kaka yake, aliyechukuliwa wakati wa hali ya hatari na hakurudi. Kabla ya kutaja jina lake, shosho alinyamaza sekunde 11. Nilikuwa natengeneza vidio ya dakika moja na nusu, na hapo sekunde 11 ni nyingi, kwa hivyo nilizificha. Vidio ikaenda vizuri. Wiki kadhaa baadaye shangazi akanipigia, anataka simulizi yote ya kuwekea familia. Aliniuliza, "Na pale mama alinyamaza, umepapeleka wapi? Si hapo ndipo alikuwa anasema?"

Nilifungua kazi ile ile. Nikasogeza klipu ya pili kulia, nikashika ukingo wa ile ya kwanza, nikauvuta. Kimya kikarudi, pamoja na jogoo aliyewika kwa mbali na shosho akivuta pumzi. Haikuchukua dakika moja. Shosho ana miaka zaidi ya 80. Hiyo si sauti ya kumwambia arudie.

Septemba 2022 likafuata toleo la 3.2, likaleta efekti zinazofanya kazi sauti ikiendelea kucheza. Awali ulikuwa unachagua efekti, unakisia namba, unasikiliza sampuli fupi, unakubali, halafu ukigundua sauti imekuwa ya kwenye mtungi, unatendua na kukisia upya. Sasa unaziwasha na kuzizima huku unasikiliza. Kompresa niliielewa hapo. Nilikuwa nimesoma maelezo yake mara nyingi na bado yalikuwa hewa tupu. Siku niliyoiwasha na kuizima mara kama 20 juu ya sauti yangu mwenyewe, masikio yakaelewa.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo. Sina mhadhiri wa sauti, sina studio ya kwenda kukaa nyuma ya fundi nimtazame. Kwa mtu kama mimi, kiolesura ndicho darasa. Kikiwa kibaya, nafikiri mimi ndiye mjinga. Kikiwa kizuri, najaribu kitu ambacho singethubutu, kwa sababu najua naweza kurudi nilipotoka. Wale wenye pesa ya kozi wanaweza kuvumilia programu yenye kiburi. Sisi wengine tunaiacha na tunaachana na ndoto pia.

Sisemi kila kitu ni sawa. Mwaka 2021 watu walikasirika, na walikuwa na haki, waliposikia kuna mpango wa kukusanya takwimu za watumiaji. Kelele zikawa nyingi mpaka mpango ule wa kwanza ukaachwa. Wakongwe nao walilalamika kwamba vidole vyao vimezoea njia za zamani, na hiyo pia naielewa. Na ile efekti ya kupunguza makelele kwenye hayo matoleo ya 3 bado inakuzungusha: unachagua sehemu yenye kelele tupu, unaichukulia sampuli, dirisha linajifunga, halafu unachagua sauti yote na kuifungua efekti tena. Ukiwa unarekodi chini ya mabati, na matatu zinapiga honi nje, hiyo ndiyo efekti unayoihitaji kuliko zote, na ndiyo imebaki na mlango wa nyuma. Toleo la 4, ambalo sura yake wameijenga upya, mimi nitalipima kwa vitu kama hivyo. Rangi mpya sina haja nazo.

Kwa hivyo kama unaanza podikasti na mtu anakuambia huwezi bila programu ya kulipia kila mwezi, usimsikize. Pakua Audacity, rekodi mtu wa nyumbani kwenu akiongea dakika tano, na utumie kingo za klipu badala ya kufuta. Halafu uje uniambie kwa maoni ni nini ulikificha na baadaye ukakirudisha.