Kiflashi Kimoja, Kompyuta Tatu

Wasee wa Garissa mnaofanya muziki, tuongee ukweli. Studio yetu tuko watatu, kila mtu na kompyuta yake. Lakini Cubase tunayo moja, ya zile za zamani ambazo leseni inakaa kwa kiflashi cha USB kinaitwa eLicenser. Programu unaweza kuiweka kwa mashini zote tatu, ila bila kiflashi haifunguki. Kwa hivyo wimbo wetu wa kila siku ni, "Abowe, unamaliza saa ngapi?"

Watu wanatucheka, eti si mtafute tu ile ya wizi. Zii. Virusi vikila nyimbo za harusi ya mtu, utamwambia nini bwana harusi? Na kama unataka kazi yako ilipwe, aliyeunda programu pia alipwe.

Mimi sina shida na kiflashi. Shida ni nani anakaa nacho. Tulikichangia wote, lakini mmoja akikitia mfukoni aende Dadaab siku mbili, wengine wamefungiwa kazi na hakuna aliyeiba. Mwenye kiflashi anakuwa bosi bila kupigiwa kura.

Ndiyo maana nasema zamu ziandikwe ukutani na kiflashi kisitoke studio. Aliye zamu arekodi na kumiksi. Kabla hajafunga, awatolee wenzake sauti kama mafaili ya WAV, wazikate na kuzisafisha kwa Audacity, hiyo ni ya bure.

Kuna wa kusema tuhamie mtandaoni. iLok Cloud ya kufungulia Pro Tools inataka intaneti muda wote unafanya kazi. Kwa bando zetu hizi? Cubase nayo iliacha kiflashi toka toleo la 12, mwaka 2022, na leseni moja inaingia kompyuta tatu. Poa, lakini akaunti ni ya mtu mmoja. Bosi ni yule yule, sasa anashika paswadi.

Na saa inaenda. Huduma ya eLicenser ilifungwa tarehe 20 Mei 2025, so chetu kikivunjika hakuna wa kuturudishia leseni. Kama mnagawana kama sisi, kila kazi ikilipwa wekeni kitu kando. REAPER ni dola 60 kwa mtu anayeanza, na haitaki kiflashi. Anzieni hapo, hadi kila mtu awe na yake. Kugawana ni poa, lakini usanii wa mtu usilale kwa mfuko wa mwingine.