MAJI MEUSI YA MBANDAKA

Msafiri afikaye Mbandaka, mji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ulio karibu na mstari wa ikweta, huona mito miwili ikikutana bila kupatana upesi. Mto Kongo ni wa kahawia. Mto Ruki ni mweusi kama chai ya rangi iliyokolea. Weusi huo hutokana na majani na miti iliyooza katika misitu ya kinamasi.

Kwa kawaida chuma kilichomo majini kikikutana na hewa hugeuka kutu, kikatua chini. Katika maji meusi, masalio ya mimea hukishika kikasafiri mbali. Kukipima kuna faida hata nyumbani, kwani miligramu 0.3 kwa lita zikizidi, sare nyeupe hupata madoa.

Kazi huharibika mtumbwini, si maabarani. Maji huchujwa papo hapo kwa chujio lenye matundu ya mikrometa 0.45, kisha hutiwa asidi safi. Yasipotiwa, chuma huganda kwenye kuta za chupa, na mpimaji mwaminifu huandika tarakimu ya uongo.

Maabarani hutiwa vitamini C, ili chuma chote kiwe cha hali moja, kisha dawa iitwayo fenanthrolini. Maji huwa ya rangi ya chungwa; rangi ikikolea, chuma ni kingi. Lakini maji meusi yana hila: rangi yao wenyewe huongeza kipimo. Basi hupimwa pia chupa ya pili isiyo na fenanthrolini, na hesabu yake hutolewa katika ile ya kwanza.