Mishikaki ya kitimoto: Rangi ya nje isikudanganye

Katika nyumba moja ya Mugango, kando ya Ziwa Victoria, samaki ni mboga ya wiki nzima. Jumapili ni zamu ya kitimoto. Mama wa nyumba hiyo alijifunza kwenye simu mishikaki ya mtindo wa Ufilipino: nyama hulowekwa kwenye sosi ya soya, sukari, kitunguu saumu, pilipili manga na ndimu, kisha huchomwa kwenye mkaa. Wafilipino wengi huongeza kechapu ya ndizi. Yeye hutumia ya nyanya.

Watoto waliipenda, na mabishano yakaanzia hapo. Sukari huungua haraka. Dakika chache tu mishikaki inang'aa na kunukia, kitinda mimba ameshanyoosha mkono.

"Mama, imeiva!"

Mama anapasua kipande kinene kuliko vyote. Katikati bado kuna wekundu.

"Bado, mwanangu."

Baba naye hulalamika kwamba nyama itakauka. Mama hujibu kuwa heri ikauke.

Ana sababu. Nyama ya nguruwe inaweza kuwa na vifuko vyeupe vidogo vyenye tegu wachanga. Anayeila bila kuiva vizuri anaweza kupata tegu tumboni, na mayai ya tegu huyo hutoka kwenye choo kikubwa. Mtu mwingine akiyameza kupitia mikono michafu, maji au mboga zisizooshwa, tegu wachanga wanaweza kufika kwenye ubongo na kusababisha kifafa. Kwa hiyo hata mtoto ambaye hajawahi kuonja kitimoto anaweza kuathirika.

Kifafa kina sababu nyingine nyingi, na hakiambukizwi kwa kumshika mgonjwa. Mtoto anayeanguka apelekwe kituo cha afya, asifichwe ndani.

Jikoni, mama huyo ana utaratibu wake. Hununua nyama yenye mhuri wa mkaguzi. Hukata vipande vidogo vinavyolingana, na vijiti huviloweka kwenye maji visiungue. Sosi ya kupaka hutenga mapema, isiguse nyama mbichi, na ile yenye sukari huipaka mwishoni. Mkaa husubiri ushike majivu meupe, moto upoe kidogo. Kisu na ubao wa nyama mbichi haviguswi na kachumbari.

Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kifikie nyuzijoto 70 katikati. Asiye na kipimajoto apasue kipande kinene: kusiwe na wekundu wala majimaji ya damu.

Kwa wanaofuga, kazi huanzia bandani. Nguruwe asizurure akala kinyesi cha binadamu, kwani ndiko anakoyapata mayai ya tegu. Choo kitumike, na mikono ioshwe kwa sabuni kila mtu atokapo chooni na kabla ya kula. Mkaa peke yake hautoshi.