Kitabu Kimfae Mtoto

Tunapomnunulia mtoto viatu humpeleka dukani, tukamvalisha, tukabonyeza ncha kwa kidole gumba ili tuone kama vidole vyake vimepata nafasi. Kitabu, hata hivyo, wengi wetu hukinunua kwa kukisia, na mara nyingi kwa kuutazama unene wake. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi jijini Dar es Salaam. Katika darasa langu la nne, kipindi cha mwisho cha Ijumaa ni cha kusoma kimya: kila mtoto huchagua kitabu katika sanduku letu, akakisoma peke yake. Miaka niliyokisimamia kipindi hicho imenifunza kwamba kazi ya mwalimu huanza kabla mtoto hajafunua ukurasa wa kwanza.

Palikuwa na mvulana wa miaka kumi ambaye kwa wiki nyingi alichukua kitabu kinene kupita vyote. Alikishika vema, akafunua kurasa kila wenzake walipofunua. Lakini macho yake yalikuwa kwenye mikono ya wenzake. Nyumbani alikuwa ameambiwa kwamba vitabu vyembamba vyenye picha ni vya darasa la kwanza. Hatimaye akaanza kukosa shule siku za Ijumaa. Hapo niliona kwamba tulikuwa karibu kumpoteza, si kwa uvivu bali kwa aibu.

Nilimpa kitabu chembamba cha hadithi ya fisi. Kesho yake baba yake, mfanyakazi wa bandarini, alifika shuleni amekishika mkononi.

"Mwalimu, mimi nataka mwanangu aende mbele. Kwa kitabu hiki unamrudisha nyuma."

Nilimkaribisha kiti, nikamwita mtoto. Nilimwomba asome kwa sauti ukurasa mmoja wa kile kitabu kinene, na kila akikutana na neno asilolijua akunje kidole kimoja. Hakufika nusu ya ukurasa. Vidole vyote vitano vilikuwa vimekunjwa, mkono umekuwa ngumi. Kisha akasoma kile chembamba. Alikunja kidole kimoja tu, na fisi alipotumbukia kisimani baba alicheka kabla ya mwanawe. Hakuongeza neno. Alikifunga kitabu ndani ya gazeti lake, akaondoka nacho.

Kipimo hicho cha vidole mzazi yeyote aweza kukitumia, hata mbele ya muuza vitabu wa kando ya barabara. Mtoto asipokunja kidole, kitabu ni chepesi, nacho kitamburudisha. Akikunja viwili au vitatu, ataokota maneno mapya bila kuchoka. Vikitimia vitano, msomee wewe, au kiwekwe hadi mwakani.

Hata hivyo, vidole havipimi kila jambo. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952, ni kitabu kifupi, lakini lugha yake humtaka msomaji aliyekomaa. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, imeandikwa kwa Kiswahili chepesi, lakini mambo yake ni ya watu wazima, na kiliwahi kupigwa marufuku shuleni. Hekaya za Abunuwasi, kwa upande wake, ni visa vifupi vifupi. Mtoto asiye na subira humaliza kimoja kabla kengele haijalia, akajiona naye ameshinda. Kwa hiyo mzazi apime maneno, kisha apime na mambo yaliyomo.

Kipimo cha tatu ni moyo wa mtoto mwenyewe. Yuko apendaye habari za wanyama, yuko apendaye mpira, na yuko apendaye visa vya majini usiku kisha akaogopa kulala. Mimi humwekea mtoto vitabu vitano au sita vinavyolingana na uwezo wake, halafu nikanyamaza, naye achague. Akikiacha kimoja katikati simkemei. Humwuliza kilichomchosha, na jibu lake hunisaidia kumtafutia kingine.

Mtoto anayelazimishwa kitabu kisichomfaa hujifunza kujificha nyuma ya kurasa, na ustadi huo akiuzoea ni vigumu kumwondolea. Atavuka darasa hadi darasa, huku sisi tukidhani anasoma.

Ndugu mzazi, baada ya chakula cha mchana leo mwite mwanao na kitabu chake. Usimtahini wala usimsahihishe kila neno. Keti kando yake, umsikilize ukurasa mmoja. Ukimwona anaendelea na ukurasa wa pili bila kukutazama usoni, inuka taratibu umwachie.